Utando wa kukinga mfupa upimwe ukiwa umelowa

Utando wa kufunika pengo la mfupa wa taya, uliosokotwa kwa umeme (volti kubwa huvuta nyuzi nyembamba za polima kutoka kwenye sindano), ukitoka kwenye mashine unapendeza: mweupe, mkavu, laini kama hariri. Ukiuvuta unavutika bila kuchanika, ukiudondoshea maji tone linasimama juu yake kama shanga. Lakini hali hiyo haitaonekana mdomoni hata kwa dakika moja. Huko utakaa ndani ya damu na mate, kwenye nyuzijoto 37, baada ya kupitia gesi au mionzi ya kuua vijidudu, ukiwa umeshonwa na uzi wa 4-0 au 5-0, na utatakiwa kuhimili kwa wiki au miezi. Ripoti nyingi za maabara zimejaa namba za utando mkavu, mpya, ambao haujatakaswa. Namba hizo ni sahihi kwa kitu ambacho hakuna mgonjwa atakayewekewa.

Kazi ya utando ni ya uzio. Jino likishang'olewa na ukingo wa taya ukasinyaa, au mfupa ukiwa na pengo pembeni ya kipandikizi (skrubu ya kushikilia jino bandia), seli za ufizi hukimbilia pengo hilo haraka kuliko seli za mfupa. Zikitangulia, panajaa nyama laini na mfupa hauna tena pa kuota. Utando huwekwa katikati, ufizi ubaki upande wake na mfupa upate muda. Mwaka 1982 Nyman na wenzake nchini Sweden waliweka karatasi ya kuchujia ya Millipore kuzunguka jino la binadamu na kuonyesha kwamba tishu zinazoshikilia jino zinaweza kurudi. Mwaka 1988 Dahlin na wenzake walifanya hivyo kwenye taya za panya kwa utando wa PTFE (plastiki ya Tefloni), na mfupa ukaziba mapengo yaliyofunikwa.

Leo tando nyingi zinazotumika ni za kolajeni (protini ya ngozi na mifupa), na kolajeni hiyo mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Katika pwani yetu hilo ni swali ambalo mgonjwa ana haki ya kuliuliza kabla ya kulala kitini, na daktari ana wajibu wa kulijibu kwa ukweli. Utando wa polima haumpi mgonjwa shida hiyo. Ila usipopimwa vizuri utamletea nyingine.

Nitatumia mfano mmoja: utando wa nyuzi uliochanganya polikaprolaktoni, ambayo kila maabara huiita PCL, na PLGA ya 85:15 (polima ya asidi ya laktiki na glikoliki kwa uwiano wa 85 kwa 15), nusu kwa nusu kwa uzito. PCL peke yake huchukua miaka miwili au zaidi kuisha mwilini, PLGA hiyo huisha kwa takriban miezi 5 hadi 6. Mchanganyiko unatafuta kati ya hapo.

Kuusokota, kwa ufupi

Gramu 12 za polima kwa kila mililita 100 za kiyeyushi, klorofomu na DMF kwa uwiano wa 7 kwa 3. Koroga usiku kucha. Sindano ya geji 21, volti 18,000, sentimita 15 kutoka ncha ya sindano hadi kwenye ngoma inayozunguka na kukusanya nyuzi, mililita 1 kwa saa. Piga hesabu kabla ya kuanza: karatasi ya sentimita 10 kwa 20 yenye unene wa mikromita 200 ina uzito wa karibu gramu 0.92, na kwa kasi hiyo pampu inatoa gramu 0.12 kwa saa, yaani takriban saa 8 bila kusimama. Ngoma isipokwenda kushoto na kulia, katikati patakuwa panene kuliko kingo, na sampuli za karatasi moja hazitalingana.

Unyevu wa hewa ni adui wa kweli Dar es Salaam na Mombasa. Ukipita asilimia 60, mvuke huganda juu ya uzi unaopoa huku klorofomu ikiruka, na uzi unatoka na vishimo. Wakati mwingine unatoka na shanga shanga. Weka mashine ndani ya sanduku lenye kikausha hewa, ushikilie asilimia 40 hadi 50, na andika unyevu na joto la kila siku kwenye daftari. Bila rekodi hiyo hutajua kwa nini karatasi za Aprili hazifanani na za Agosti.

Kiyeyushi lazima kitoke. Klorofomu inachemka kwa nyuzi 61, hivyo huondoka upesi. DMF inachemka kwa nyuzi 153 na hung'ang'ania. Kausha kwenye ombwe kwa saa 48 angalau, kwa joto la chumba, kisha pima mabaki kwa kromatografia ya gesi. Mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa la kanuni za dawa, unaruhusu sehemu 60 kwa milioni za klorofomu na 880 za DMF. Polima nyingi zinazosemwa ni sumu kwa seli hazina kosa. Kosa ni la ombwe lililofunguliwa mapema.

Takasa kwanza, ndipo upime

Hapa sikubali mjadala. Kila kipimo kinachofuata kifanywe kwenye sampuli iliyotakaswa kwa njia ileile itakayotumika kwa bidhaa. Oteklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) haifai kwa mchanganyiko huu: PCL huyeyuka karibu na nyuzi 60 na oteklevu inafika 121. Mionzi ya gama ya kilogrei 25 inakata minyororo ya PLGA, kwa hiyo utando unaanza safari ukiwa tayari umezeeka. Kuuwekea barafu kavu wakati wa mionzi hupunguza madhara, hakuyaondoi. Gesi ya ethilini oksaidi ndiyo inayobaki, lakini omba mzunguko wa nyuzi 37. Mzunguko wa kawaida hufika nyuzi 55 na mvuke juu yake, na hapo PLGA inalegea na nyuzi zinagandana zinapokutana. Baada ya gesi, utando upate muda wa kupunga hewa na mabaki yapimwe kwa kiwango cha ISO 10993-7 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango).

PTFE, kinyume chake, inavumilia oteklevu vizuri sana lakini mionzi inaivunjavunja. Asiyejua hili anaweza kuharibu shehena nzima kwa siku moja. Na kuloweka kwenye ethanoli ya asilimia 70 kunapunguza vijidudu kwa ajili ya jaribio la seli. Spora, yaani vijidudu vilivyojifunga kwenye ganda gumu, zinabaki hai, kwa hiyo kwenye ripoti usikuite kutakasa.

Vitundu

Uwazi wa jumla, yaani sehemu ya utando ambayo ni nafasi tupu kati ya nyuzi, unapatikana kwa mizani. Kata duara la milimita 12. Likiwa na unene wa milimita 0.200 na uzito wa miligramu 5.2, msongamano wake ni gramu 0.23 kwa sentimita ya ujazo. Polima yenyewe, kwa mchanganyiko wetu, ni kama 1.22. Uwazi basi ni asilimia 81. Sasa chukua kipimio cha unene cha kubana kwa skrubu, kikaze kidogo, kisome 0.160: uwazi unashuka hadi asilimia 76, na nguvu ya kuvutika utakayoikokotoa baadaye inapanda kwa robo nzima bila utando kubadilika hata chembe. Tumia kipimio chenye mguu mpana na shinikizo dogo lisilobadilika, pima sehemu tano, na andika shinikizo hilo kwenye ripoti.

Hata hivyo uwazi hausemi lolote kuhusu uzio. Kinachohusu uzio ni tundu kubwa kuliko yote linalopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, na hadubini ya elektroni haikuonyeshi hilo. Inaonyesha uso tu. (Ukiitumia kupima unene wa nyuzi, shusha mwale hadi kilovolti 5, la sivyo PCL inayeyuka mbele ya macho yako, na pima nyuzi 100 kwenye picha tano tofauti.) Kwa tundu kubwa tumia mapovu. Lowesha utando kwa ethanoli, ubane kwenye kishikio wenye wavu mgumu juu yake ili usivimbe, mimina ethanoli kidogo juu, kisha pandisha hewa kutoka chini polepole. Povu la kwanza linaloendelea linakupa jibu: kipenyo ni mara nne ya mvutano wa uso wa kioevu, gawanya kwa shinikizo. Kwa ethanoli, kilopaskali 17.6 ni tundu la mikromita 5, kilopaskali 8.8 ni tundu la mikromita 10. Fanya upesi, maana PLGA ikikaa ndani ya ethanoli inalainika. Porosimita ya zebaki siipendi kwa tando laini: shinikizo lake linaubana utando kabla zebaki haijaingia, nawe unapima kitu ulichokiponda mwenyewe.

Je, seli zinapita?

Hiki ndicho kipimo chenyewe, na ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Fibroblasti, seli ya tishu laini kama ufizi, ina upana wa mikromita 10 hadi 20, lakini inajinyoosha na kupenya tundu la mikromita 8. Ndiyo maana vikombe vya kupimia uhamaji wa seli vina matundu ya ukubwa huo. Kwa hiyo usiridhike kwamba tundu ni dogo kuliko seli. Zipande uone.

Bana utando kwenye pete inayokaa juu ya kisima cha sahani. Juu panda fibroblasti za ufizi wa binadamu, 50,000 kwa kila sentimita ya mraba, katika mediamu (maji ya kulishia seli) yenye seramu asilimia 1. Chini weka yenye asilimia 10 ili seli zivutwe. Soma siku ya 3, 7 na 14. Gandisha seli kwa paraformaldehidi ya asilimia 4, paka rangi kiini na nyuzi za ndani zinazoipa seli umbo, geuza utando na hesabu upande wa chini, kisha kata mkato wa wima uone zimefika kina gani.

Kosa la kwanza ni hewa. Utando huu unachukia maji. Pembe ya tone juu ya PCL iliyosokotwa hupita nyuzi 120. Ukiuweka mkavu ndani ya mediamu, hewa inabaki imenaswa kati ya nyuzi, na seli hazipiti hewa. Unapata uzio kamili, unafurahi, unaandika. Mwilini hewa hiyo inaondoka polepole na uzio unaondoka nayo. Dawa ni kulowesha kwa hatua: ethanoli asilimia 70 kwa dakika chache, asilimia 50, maji safi mara mbili, kisha mediamu usiku kucha. Utando ulioloa sawasawa hugeuka kutoka weupe wa karatasi kuwa kijivu chenye mwanga. Ukiona baka jeupe, hewa bado ipo.

Kosa la pili ni ukingo. Seli zinapita kati ya pete na utando, zinateremka chini, na utando usio na hatia unalaumiwa. Kila mara weka pete moja yenye karatasi ya plastiki isiyo na tundu, ya unene uleule. Ukikuta seli chini ya plastiki, pete inavuja na jaribio zima linarudiwa. Weka pia kikombe cha matundu ya mikromita 8 ambapo seli lazima zipite, na cha 0.4 ambapo haziwezi. Bila hivyo vitatu huwezi kusema chochote.

Na uzio usiwe ukuta. Pima pia kama glukosi na albumini zinapita, maana ufizi ulio juu ya utando usiopitisha chakula unaweza kufa ukafunguka.

Nguvu, na kusinyaa

Kabla ya mashine ya kuvuta, fanya jaribio la bei rahisi kuliko yote. Kata mraba wa milimita 20 kwa 20, uache uelee huru ndani ya bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayoshikilia pH) kwenye nyuzi 37, piga picha baada ya saa 1, 24 na 72. Minyororo ya PLGA ilivutwa wakati wa kusokotwa na ikaganda ikiwa imenyooka. PLGA kavu hulegea kwenye nyuzi 45 hadi 50, lakini maji yakiingia kiwango hicho kinashuka kuelekea joto la mwili, na minyororo inajikunja. Mraba unapungua. Utando wa PLGA tupu unaweza kusinyaa kiasi cha kuonekana kwa macho. PCL ndani ya mchanganyiko inauzuia kwa sehemu. Daktari aliyeukata ufunike pengo kwa milimita 2 kila upande atakuta siku ya tatu ukingo uko wazi, na hakuna namba ya nguvu itakayomsaidia. Jambo hilihili linahusu usafirishaji: kifurushi kilichoachwa juani ndani ya gari kinavuka nyuzi 45 bila shida, kwa hiyo weka kwenye sanduku kiashirio cha joto kinachobadilika rangi.

Kwa kuvuta, vipande vya milimita 10 kwa 50, umbali wa milimita 30 kati ya vibanio, kasi ya milimita 10 kwa dakika, vilivyolowa kwa saa 24 na kuvutwa vikiwa bado vimelowa kwenye nyuzi 37. Vipande vitano kwa uchache kwa kila upande, sambamba na mzunguko wa ngoma na kuukata, kwa sababu ngoma inayozunguka haraka inapanga nyuzi na utando unakuwa na nguvu upande mmoja tu. Gundisha msasa mwembamba kwenye vibanio visiteleze. Kilichokatikia kwenye kibanio hakihesabiwi.

Kinachomsumbua daktari zaidi ni uzi kuchana utando. Pitisha uzi milimita 2 kutoka ukingoni, vuta, andika nguvu ya juu kabisa, na linganisha na utando wa kolajeni unaouzwa, nao ukiwa umelowa. Kolajeni iliyolowa hudhoofika sana, kwa hiyo kuulinganisha utando wako uliolowa na kolajeni kavu ni kujionea, na kinyume chake ni kujipendelea.

Kuoza kwa muda

Kipande cha sentimita moja ya mraba kina uzito wa kama miligramu 4.6, ni kidogo mno kwa mizani ya kawaida. Tumia miligramu 50, takriban sentimita 11 za mraba, ndani ya mililita 5 za bafa. Huo ni uwiano wa mililita 100 kwa gramu. ISO 13781 inataka izidi 30. Nyuzi 37, pH 7.4, na kila wiki pima pH. Ikitoka nje ya 0.2 badilisha bafa, kwa sababu asidi ya laktiki inayotoka inaharakisha kuoza kwenyewe. Toa sampuli wiki ya 0, 1, 2, 4, 8, 12, 16 na 24. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu kabla ya kukausha. Chumvi ya bafa ikibaki ndani ya nyuzi, utando "unaongezeka" uzito wakati unaoza.

Uzito ni wa mwisho kubadilika. Kwanza urefu wa minyororo unashuka, na unaonekana kwa kromatografia ya jeli tu, kisha nguvu, uzito unafuata baadaye sana. Kuna wakati utando una zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake lakini ukiugusa kwa kibano unameguka kama biskuti. Uzio umeshakufa hapo, hata kama mizani inasema upo. Kwa hiyo kipindi cha kinga kihesabiwe hadi nguvu inapoisha. Pengo dogo la kuzunguka jino linahitaji wiki 4 hadi 6. Kwa kupanua ukingo wa taya, madaktari wengi husubiri miezi 4 hadi 6 kabla ya kuweka kipandikizi.

Usijaribu kufupisha miezi kwa kupasha nyuzi 60. Kwenye joto hilo PCL inayeyuka na PLGA imelegea kabisa, na unapima nyenzo nyingine.

Seli, sumu na mfupa

Kwa sumu fuata ISO 10993-5, na maandalizi ya sampuli ya ISO 10993-12. Utando usiozidi nusu milimita huloweshwa sentimita 6 za mraba kwa mililita, pande zote mbili zikihesabiwa: karatasi ya 3 kwa 4 inahitaji mililita 4. Ongeza kiasi ambacho utando wenyewe unafyonza, hapa karibu mililita 0.2. Saa 24, nyuzi 37, kisha zipe maji hayo seli za L929 (fibroblasti za panya za maabara), 10,000 kwa kisima, yakiwa mazima na yakiwa yamepunguzwa mara 2, 4 na 8. Uhai chini ya asilimia 70 ni sumu. Rangi ya MTT, inayoonyesha seli zilizo hai, ikitumika moja kwa moja juu ya utando, sehemu yake inanaswa kwenye nyuzi na seli zinaonekana chache kuliko zilivyo.

Kwa mfupa, alizarini nyekundu (rangi inayoonyesha kalisi) ina mtego mmoja: utando uliochanganywa na haidroksiapatiti, madini ya mfupa, unageuka mwekundu bila seli hata moja. Weka utando mtupu kwenye mediamu ileile kwa siku zilezile 21, utoe rangi yake kwenye hesabu.

Wanyama waje mwisho, kwa kibali cha kamati ya maadili, na wachache kadiri takwimu zinavyoruhusu. Pengo la milimita 8 kwenye fuvu la panya halijizibi lenyewe. Toboa polepole huku chumvi maji ikitiririka, usiguse mshipa mkubwa wa katikati, funika kwa utando unaopita ukingo kwa milimita 2, na soma wiki ya 4 na ya 8. Kundi moja libaki bila utando, lingine lipewe kolajeni. Skani ya CT haitofautishi vizuri apatiti uliyoiweka wewe na mfupa ulioota, kwa hiyo lazima ukate tishu na kuipaka rangi, na anayehesabu asijue sampuli ni ya kundi gani.

Fuvu la panya halina mate, vijidudu vya kinywa wala chakula kinachosuguana nalo. Mdomoni ufizi unaweza kufunguka na utando ukabaki wazi, na hapo ndipo PTFE yenye matundu mapana ilipowashinda wengi: vijidudu viliingia ndani na utando ukalazimika kutolewa, wakati PTFE nzito, yenye matundu chini ya mikromita 0.3, huvumilia kubaki wazi. Utando wa nyuzi uko upande wa matundu mapana. Kwa hiyo kabla ya kupeleka jalada la kuomba kibali, ambalo yaliyomo yake yameorodheshwa kwenye ISO 22803 na ambalo kwa Tanzania linakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, bana utando kwenye pete zilezile za fibroblasti, weka Streptococcus mutans, kijidudu cha kinywani, juu na mchuzi wa kuoteshea vijidudu, ukiwa safi bila kijidudu, chini, na angalia mchuzi unachafuka baada ya saa ngapi. Rudia kwa sampuli zilizokwisha kukaa wiki 4 ndani ya bafa.